Maji iko, lakini funguo ya vane iko na nani?

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Bukavu, mu mukutano wetu juu ya chakula na kazi. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.



Waliniomba niseme juu ya maji ya kumwagilia mashamba. Najua kuna wenye kujiuliza: sisi watu wa mjini, maji ya mashamba inatuhusu nini? Sisi tunapigania maji ya robine, umeme, barabara, kazi. Mashamba ni mambo ya wazee wa kijiji.

Inatuhusu kwa njia ya sahani. Mutu aende leo ku soko ya Kadutu, aangalie mifuko ya muchele na asome yale yaliyoandikwa juu. Atakuta Pakistani, atakuta Tailandi, atakuta Tanzania. Muchele wa Pakistani na wa Tailandi umevuka bahari, umepita bandari, umepanda malori, umelipa mipaka yote, na bado unafika hapa na kupata mununuzi. Nyuma ya mulima, chini kabisa ya Ngomo, kuna bonde lenye jua ya mwaka muzima na mito inayoshuka mchana na usiku. Tunaliita bonde la Ruzizi. Kutoka hapa si mbali. Basi swali langu la leo ni hili: mbona bonde lenye maji halitushibishe? Na wakisema wataleta «irigasio ya kisasa», hiyo itabadilisha nini kwa mama anayelima are 25 tu?

Mimi niko na diploma ya agronomi tangu miaka miwili, na kama wengi wenu sina kazi. Kwa hiyo nina wakati wa kusoma na wakati wa kutembea. Nitawaambia yale ninayojua, na mwishoni nitawafundisha namna ya kupima maji ya kanali kwa chupa na telefone. Wale wanaochoka mbio, wangojee hiyo.

Tuanze na udongo. Ziwa Kivu liko ku urefu wa metre karibu 1 460 juu ya bahari. Ziwa Tanganyika liko chini, karibu 770. Muto Ruzizi unatoka ku moja unaenda ku lingine, kilomita zaidi ya 100, na unashuka karibu metre 700. Upande wetu wa Congo, milima ya Mitumba inasimama kama ukuta, na kutoka ku ile milima mito midogo inashuka kuingia bondeni: Luberizi, Sange, Runingu, Kiliba na mingine. Maana yake, mu sehemu kubwa ya bonde, maji inashuka yenyewe. Huhitaji pompe, huhitaji esanse. Unaziba muto kidogo kule juu, unachimba mufereji wenye kuinama polepole, maji inatembea mpaka ku shamba. Wanaita hiyo irigasio ya mutelemuko. Ni bei rahisi kuliko zote kwa mulimaji.

Lakini mvua ya bonde si mvua ya Bukavu. Hapa kwetu kunanyesha zaidi ya milimita 1 300 kwa mwaka. Kule chini, mara nyingi haifike 1 000, na joto ni kali, udongo unakauka haraka. Mulimaji akitegemea mvua tu, anacheza bahati. Mvua ikichelewa wiki tatu mu saizo A, ile ya kuanzia mwezi wa tisa, mbegu inaoza ao inakauka. Ikikatika wakati mupunga unatoa maua, punje zinabaki matupu. Mupunga unaonekana muzuri kwa macho, unavuna makapi.

Ndiyo sababu kanali za bonde si kitu kipya. Za kwanza zilichimbwa wakati wa Wabelgiji, walipopanga walimaji mu mashamba yenye kupimwa, juu ya pamba na mupunga. Kiliba palikuwa kiwanda cha sukari na miwa yake ya kumwagiliwa, mpaka vita ya 1996 ikafunga mambo. Tangu pale, kanali zimeingia mchanga, vane zimeibiwa chuma, kuta zimeanguka. Kisha proje moja inakuja kutengeneza, inaenda, mchanga unarudi. Proje ingine inakuja kutengeneza ileile.

Sasa tuongee mavuno, juu njo kichwa cha mambo.

Mu Congo, mupunga wa kutegemea mvua unatoa kwa wastani karibu tani moja kwa hekta, mara nyingi chini ya pale. Mupunga wenye maji ya kuongozwa vizuri, mbegu nzuri na mbolea, unatoa tani 4, 5, hata zaidi. Hiyo si hadithi ya vitabu vya Asia. Vuka Ruzizi tu, uende ku Imbo ya Burundi, kule Gihanga na Mugerero, ao panda ku Bugarama ya Rwanda. Udongo ni wa bonde lilelile, jua ni lilelile, muto ni uleule. Wao wanavuna mupunga wa maji tangu miaka mingi.

Tupige hesabu kwa mama wa are 25, yaani robo ya hekta. Ni mufano tu, lakini unasaidia kuona. Kwa mvua: kilo 250 za mupunga. Ukikoboa, unabaki na kilo karibu 160 za muchele. Kwa maji mazuri, tani 4 kwa hekta: kilo 1 000 za mupunga, kilo karibu 650 za muchele. Na kitu ambacho wengi wanasahau: mwenye maji anaweza kulima mara mbili kwa mwaka. Hiyo inafanya kilo 1 300. Kutoka 160 mpaka 1 300, ku shamba lilelile, kwa mikono ileile. Hapo njo tofauti ya mutoto anayesoma na mutoto anayefukuzwa juu ya minervale.

Ku kiwango cha dunia iko vile. FAO inasema mashamba yenye kumwagiliwa ni karibu 20 kwa 100 ya udongo unaolimwa, lakini inatoa karibu 40 kwa 100 ya chakula chote. Na Congo yetu? Tunajisifu kila siku: hekta milioni 80 za udongo wa kulima, milioni 4 ambazo zinaweza kumwagiliwa. Zile zenye kanali kweli, hazijai hata mukono ukizilinganisha na zile milioni.

Basi mutu atasema: jambo ni rahisi, leteni irigasio ya kisasa, tumalize. Hapa njo nataka tuende polepole, juu neno «kisasa» linauza sana mu mikutano ya wakubwa.

Kisasa ni nini? Kuna namna nyingi. Kuna kanali ya simenti pahali pa kanali ya udongo. Ya udongo inaweza kupoteza nusu ya maji njiani, inakunywa yenyewe kabla ya shamba kukunywa. Ya simenti inapoteza kidogo. Kuna motopompe, ya esanse ao ya jua, kwa wale wenye mashamba juu ya maji. Kuna matuyo ya matone: mupira wenye matundu madogo unapita karibu na kila mmea, unatonesha maji ku mizizi. Kwa matone, karibu 90 kwa 100 ya maji inafikia mmea. Kwa mufereji wa kawaida, ni 50 ao 60.

Matone ni muzuri kwa nyanya, kwa kitunguu, kwa pilipili. Kwa mupunga, haifai. Tena maji ya mito yetu wakati wa mvua ni matope, na matundu madogo yanaziba. Bila filtre, na bila mutu wa kuisafisha kila siku, vifaa vya dola nyingi vinakuwa kamba ya kuanikia nguo. Motopompe ya esanse nayo inataka esanse, na mulimaji anayelipa esanse kabla ya kuvuna anaingia deni. Kwa hiyo tusishangilie mashine juu ni mashine. Tuulize: ku shamba hili, kwa mmea huu, kwa mulimaji huyu, nini kinafaa? Mu bonde letu, mara nyingi jibu ni kanali nzuri ya mutelemuko, yenye vane zinazofunga, na mutu wa kuziangalia. Hata elimu ya kisasa inaweza kuwa ya bure: kwa mupunga, si lazima shamba lifunikwe na maji siku zote. Ukiachia maji ishuke kidogo mu udongo, kisha urudishe, unaweza kuokoa mpaka 30 kwa 100 ya maji bila mavuno kushuka. Lakini ili ufanye vile, lazima ujue kwamba zamu yako ya maji itafika kweli. Mama asiyejua kama maji itarudi kesho, akiipata leo anajaza shamba mpaka ku shingo. Si kwamba hana akili. Hana uhakika.

Hapo tumeingia ndani ya mambo. Mavuno hayapandi juu ya simenti tu. Kuna mambo ine yanayoyakata, na yote niliyaona kwa macho ao niliyasikia kwa walimaji wenyewe.

Ya kwanza, mukia wa kanali. Mwenye shamba karibu na pale kanali inakunywa maji ku muto, anapata. Wa katikati, anapata kidogo. Wa mwisho, anapata usiku ao hapati. Ukisikia «mavuno ya perimetre ni tani 3», usitosheke. Kichwani inaweza kuwa 5, na mukiani 1. Wastani unaficha mutu wa mukia, na mutu wa mukia mara nyingi ni mujane, ao mutu aliyekimbia vita akakuja kukodi shamba.

Ya pili, maji ya kutoka. Wote wanachora kanali ya kuingiza maji, lakini mifereji ya kutoa maji wanaisahau. Bonde la Ruzizi, upande wetu na upande wa Imbo, lina pahali penye chumvi mu udongo. Ukiingiza maji bila kuitoa, jua linainyonya, chumvi inabaki juu. Unaona udongo mweupe, mmea unaungua majani. Miaka michache, shamba linakufa. Na maji inayosimama inaleta mbu na konokono za kichocho. Tena kuna familia ambazo zinakunywa maji ya kanali juu robine hakuna, na Uvira tunajua kolera ni mugeni asiyerudi kwake. Kanali bila maji safi ya kunywa pembeni ni deni ku afya ya watu.

Ya tatu, matope ya mulima. Miti ya Mitumba inakatwa, mvua inashuka na udongo. Mwaka wa 2020, mwezi wa ine, muto Mulongwe uliingia Uvira na mawe, watu wengi wakafa, nyumba zikaenda. Mutoto wa mjini aliona siku ile moja. Mulimaji wa bonde anaona matope kila mwaka, mu kanali yake. Mukilipa simenti kule chini na mukiacha mulima uwe upara, munatupa feza mu muto.

Ya ine, njia na soko. Mavuno yakipanda na barabara ikibaki ileile, bei inaanguka siku ya kuvuna. Kutoka Kamanyola kupanda Ngomo mpaka hapa, mvua ikinyesha mumejua vile iko. Kuna wenye kuzunguka kwa Rwanda ili wafike Bukavu, yaani kutoka Congo kwenda Congo kwa kupita inchi ya watu. Halafu ku njia, vizuizi. Kila kamba barabarani inakula kilo moja ya yule mama. Tani 4 shambani si tani 4 mfukoni.

Na kuna jambo la tano, ambalo nimeliweka pekee juu linauma zaidi. Mavuno yakipanda, nani anayakula?

Walimaji wengi wa bonde hawana karatasi ya shamba. Wanalima kwa kukodi, ao kwa kugawana na mwenye shamba, ao kwa neno la chefu. Sasa angalia vile inapita. Shamba likiwa kavu, hakuna anayelitaka, mama analima kwa amani. Kanali ikitengenezwa, shamba linapata bei. Saizo inayofuata, mwenye shamba anapandisha kodi. Saizo ya tatu, anasema: asante mama, mutoto wangu anarudi kulima. Tena mara nyingi mutoto mwenyewe iko Bukavu ao Kinshasa, na shamba linapewa mutu mwenye feza. Ripoti ya proje itasema mavuno yamepanda, na itakuwa kweli. Lakini yule mama iko wapi? Amerudi ku shamba la mvua, kule juu ya kilima, ao amekuja mjini kuuza makala ku barabara yetu.

Sheria ya udongo ya mwaka 1973 inasema udongo ni wa Leta. Kwa udongo wa wenyeji, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba ordonansi ya Rais itapanga haki zao. Miaka makumi ilipita bila ile ordonansi kutoka. Mu shimo lile njo wanapita machefu, wakubwa, na wote wenye mukono murefu. Kwa hiyo kama tunasema irigasio, tuseme pia kontra. Kontra ya kukodi yenye kuandikwa, ya miaka mitano ao zaidi, mbele ya mashahidi, yenye kusema kodi haitapanda mara tatu juu Leta imeleta maji kwa feza ya raia. Hiyo haihitaji simenti hata kilo moja.

Najua kuna kamarade atasema: ndugu, inchi iko mu vita, wewe unaongea kanali? Ninamuelewa. Mu bonde watu wameuawa juu ya mashamba, juu ya ng'ombe walioingia mu mashamba, juu ya maji. Lakini angalia vizuri: sehemu ya ile damu inatoka palepale. Mufugaji anatafuta maji ya ng'ombe wakati wa kiangazi, hakuna pahali palipopangwa, ng'ombe anashuka mu kanali, anavunja ukuta, anakula mupunga. Mulimaji anachukua panga. Kesho yake mwenye bunduki anakuja kusema iko analinda upande huu ao upande ule. Pahali pa ng'ombe kukunywa maji, na njia ya ng'ombe yenye kujulikana, ni sehemu ya irigasio. Kijana mwenye shamba linalompa kula, ni vigumu kumwita porini. Kwa hiyo usalama na kanali vinatembea pamoja. Tusikubali kuambiwa tungojee kimoja ndipo kingine kije.

Sasa tuulize Leta.

Mwaka wa 2003, kule Maputo, viongozi wa Afrika, pamoja na wetu, waliweka sahihi: 10 kwa 100 ya bajeti ya inchi iende ku kilimo na maendeleo ya vijiji. Mu 2014, kule Malabo, wakarudilia ahadi. Tuko na sheria ya kilimo ya tarehe 24 mwezi wa 12 mwaka 2011. Tuko na sheria ya maji ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015. Karatasi hatukosi. Ile 10 kwa 100, mulimaji wa Sange bado hajaiona ikipita mu kanali yake.

Na feza zikitoka, zinaenda wapi? Mukumbuke Bukanga-Lonzo. Mu 2014 walifungua kule pahali pa hekta 80 000, matrakta mapya, picha nzuri, hotuba. Walisema itashibisha Kinshasa. Mu 2017 ilikuwa imesimama. Leta ilitoa zaidi ya milioni 200 za dola. Mulimaji mudogo hakuwa mu picha tangu siku ya kwanza. Hiyo ilikuwa «kisasa» pia.

Huku kwetu, mwaka wa 2016 Benki ya Dunia ilipitisha milioni 150 za dola kwa proje moja ya kilimo, kwa Kivu ya Kusini na Tanganyika, na irigasio ya bonde ilikuwa ndani ya mipango. Sisemi zimeliwa. Sisemi pia hazikuliwa. Nasema sisi raia tuna haki ya kujua: kanali gani, kilomita ngapi, hekta ngapi, walimaji wangapi, na leo maji inapita ao haipiti? Hizo si siri za jeshi.

Na hapa njo ninafika ku chupa na telefone.

Muko Bukavu, muko Uvira, mujomba wenu ao shangazi wenu iko na shamba mu bonde. Siku munaenda kumusalimu, mufanye hivi. Muende ku kanali, pahali inapita sawa, bila kona. Mupime metre 10 kwa kamba, muweke kijiti mwanzoni na kijiti mwishoni. Mupime upana wa maji. Mupime kina chake pahali patatu, mufanye wastani. Kisha mutupe chupa ya plastiki yenye maji nusu ndani, muhesabu seconde kwa telefone mpaka inafika ku kijiti cha mwisho. Murudilie mara tatu.

Mufano. Upana metre 1. Kina santimetre 40. Chupa inapita metre 10 kwa seconde 25. Mwendo ni 10 gawanya kwa 25: metre 0,4 kwa seconde. Maji ya chini inatembea polepole kuliko ya juu, kwa hiyo zidisha kwa 0,8: inabaki 0,32. Zidisha kwa upana na kina: 0,32 mara 1 mara 0,4, unapata 0,128. Hiyo ni litre 128 kwa seconde.

Sasa litre moja kwa seconde, siku nzima, ni litre 86 400. Ukizimwaga ku hekta moja, ni milimita 8 na kitu ya maji kwa siku. Kwa mupunga wa bonde, mu joto lile, iko karibu na kile unahitaji. Kwa hiyo, kwa urahisi, litre moja kwa seconde inamwagilia hekta moja. Kanali yako ya litre 128 inatosha hekta karibu 128, kama hakuna kinachopotea njiani. Basi inua macho, usome kibao cha proje. Kama kibao kinasema hekta 400, kuna mutu anatakiwa kueleza. Kisha utembee mpaka mukiani, upime tena. Kama kichwani ni 128 na mukiani ni 20, na katikati mashamba ni machache, umejua kiasi gani kinapotea ao kinachukuliwa. Andika tarehe, andika saa, piga picha ya kamba na kijiti. Usipige picha ya mulimaji bila ruhusa yake, na usiandike jina lake.

Hakuna wakili wala askari anayeweza kukufunga juu ya kuhesabu seconde za chupa. Na hakuna mukubwa anayeweza kukuambia «wewe unasema tu». Hausemi, umepima.

Ukimaliza kupima, ulizia maswali matano, kwa komite ya maji, kwa chefu, kwa mutu wa Leta, kwa mutu wa proje. Funguo ya vane iko na nani, na nani alimuchagua? Zamu ya maji imeandikwa wapi, na mukia unapata siku gani? Feza ya maji ambayo walimaji wanalipa, kaye yake iko wapi, na nani anaisoma mbele ya watu? Nani anatoa mchanga mu kanali, na kama ni salongo, mbona wenye mashamba makubwa hawaonekane? Na wanawake mu komite ni wangapi, wenye kusema, si wenye kupika siku ya mukutano?

Kama haya matano yana majibu, kanali ya udongo inaweza kushibisha watu. Kama hayana, hata mulete matone kutoka Israeli na pompe za jua kutoka Uchina, miaka mitatu mutakuta vyuma vimeuzwa kwa kilo.

Wakamarade, mimi sikuje kuwaambia wote murudi kulima. Hiyo ni hotuba ambayo wakubwa wanapenda kutupa: vijana, mushike jembe, muache kulalamika. Jembe ya nini, ku shamba la nani, kwa maji ya nani? Kijana haogope shamba. Anaogopa kufanya kazi miezi ine kwa kilo 160. Mutupe maji yenye zamu, kontra yenye miaka, barabara bila kamba, na mutaona kama diploma za agronomi zitabaki kuoza ku kabati. Wanahitajika watu wa kupima kanali, wa kutengeneza vane, wa kuandika kaye za komite, wa kuchunguza chumvi ya udongo, wa kukoboa na kupakia muchele wenye jina la Luvungi juu ya mufuko. Hizo zote ni kazi, na zote haziko mbali na hapa.

Kwa hiyo tunatoka hapa na mupango. Wale wenye jamaa mu bonde, wajiandikishe leo kwa kamarade mwenye kaye pale mulangoni. Tunatafuta wawili kwa kila kanali, tuanze na ya Luberizi, ya Sange na ya Kiliba. Vipimo viwili: kimoja sasa, kimoja katikati ya kiangazi, mwezi wa saba, wakati maji inaonyesha rafiki wake ni nani. Namba zote tutaziweka hapa ku ukurasa wetu, zenye tarehe, bila matusi na bila kuongeza. Kisha tutaandika barua moja kwa gavana, moja kwa manaibu wa provense waliochaguliwa na watu wa bonde, na moja kwa wale wanaoongoza feza za miradi. Tutaomba jibu kwa maandishi. Wakinyamaza, tutaenda kukaa mbele ya mulango wao, kwa amani, na kamba yetu ya metre 10.

Nimemaliza. Nangoja maswali yenu. Tena tafazali, musiondoke bila kupita pale ku kaye.